Moshi, vumbi na kifua: maswali watu wa Goma wananiulizaka kila siku

Mimi ni reko (mujitolea wa afya) mu kartie yetu ya Majengo, hapa Goma, Kongo, mwaka wa saba sasa niko napita nyumba kwa nyumba, na pia niko mama wa mutoto mwenye asima. Watu wananiulizaka mambo ya kikohozi ku robine, mu soko, kiisha misa, na usiku mu watsapu, majibu ni ile ile kila mara, nikaona heri niandike yote fasi moja. Siko dokta. Naandika vile tulifundishwa na vile niliulizaka wadokta juu ya mutoto yangu. Na kama kuko mutu hapo kwako anapumua mubaya sasa hivi, usisome, mukimbize ku hopitali, utasoma kiisha.

Juu ya nini Goma tunakohoaka hivi? Si ni baridi?

Hii swali njo ya kwanza kila fasi. Mutoto anakohoa miezi mitatu, mama anasema ni baridi, bibi anasema ni baridi, hata mutu wa farmasi anasema ni baridi, na mutoto anavalishwa manguo mbili, tatu, lakini usiku eko analala chumba moja na mbabula, ile jiko ya makala (makaa). Baridi peke yake haiwezi leta kikohozi ya miezi mitatu.

Lakini baridi iko na kazi yake mu hii mambo, na ni muzuri ujue. Goma iko juu, karibu metre 1500, asubuhi na magaribi hewa ya chini inapoa, inakuwa nzito, haipande. Sasa ni saa zile zile kila nyumba inawasha makala, motari (watu wa pikipiki) wote wako barabarani, na jirani anachoma takataka. Moshi inakosa fasi ya kwenda, inabaki inalala juu ya manyumba kama blanketi. Simama saa kumi na mbili ya asubuhi fasi ya juu kidogo uangalie upande wa Birere na Katoyi, utaiona kwa macho. Ndani mule njo tunapumua.

Kisha ongeza vumbi ya mawe ya volkano wakati wa kiangazi (juni mpaka agosti iko mubaya sana), makamio (malori) ya mazutu (dizeli) yenye kutosha moshi nyeusi, na magurupu (jenereta) mbele ya kila butike umeme ikikatika.

Hiyo moshi inafanya nini mu kifua?

Pua na koo viko na ulinzi, kuko vinywele vidogo na ute, vumbi kubwa inanaswa, unapiga chafya ao unatema, ikaisha. Shida ni ile ndogo. Wataalamu wanaiita PM2.5, maana yake chembe yenye upana wa mikrometa 2.5 ao chini ya pale, unywele moja ya kichwa iko nene karibu mara 30 kuishinda. Hiyo haigonge pua, inashuka mpaka mwisho kabisa, ku vile vifuko vidogo fasi hewa inakutana na damu, na ingine inapita mpaka mu damu yenyewe. Njo maana moshi haiishie ku kikohozi, inaguza moyo, inaleta kupooza, na miaka mingi ikipita inaweza leta kansa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa OMS (shirika la afya la dunia) waliweka moshi ya mazutu mu liste ya vitu vyenye kuleta kansa, na mwaka 2013 wakaweka hewa chafu yote ya inje.

OMS inasema hewa isipite mikrogramu 5 ya hizo chembe mu metre kibe moja, ukichukua wastani ya mwaka. Zamani walikuwa wanasema 10, mwaka 2021 wakashusha, juu waliona hata kidogo inaumiza. Na wanahesabu watu karibu milioni 7 wanakufa kila mwaka mu dunia kabla ya siku zao juu ya hewa chafu, ya inje na ya ndani ya manyumba pamoja. Milioni saba. Mimi nikisomaka hiyo hesabu nafikiria manyumba zenye napitaka.

Lakini si ni mlima njo inatuchafulia hewa?

Mlima iko ndani, sikatae. Nyiragongo, volkano yetu, inatoshaka gazi ya sulfuri, ile yenye kuwasha pua na koo, na mutu wa asima akiipumua kifua inaweza mubana mu dakika chache tu. Mara mingi upepo inaipeleka upande wa magaribi, Rusayo, Sake, mpaka Masisi, kwa hiyo wale ndugu wanaipata kuliko sisi wa kati ya mji. Mvua inaishusha pia, njo maana ku ile upande maji ya mvua inakuwa kali na inachafua meno ya watoto, ile madoadoa ya kahawia, ni fluori.

Ila tuseme kweli. Tarehe 17/1/2002 lava ilipita kati ya mji, tarehe 22/5/2021 ikashuka tena, sisi wote tunaikumbuka, na juu yake tunamuogopa Nyiragongo tunasahau mbabula. Mlima haiingie mu chumba yako mara tatu kwa siku. Makala inaingia. Nikiwa na nguvu ya kubadilisha kitu moja tu mu Goma kwa ajili ya vifua ya watoto, nabadilisha namna tunapika.

Mazuku na gazi ya makala ni kitu moja?

Hapana, na hii tafazali soma polepole juu zote mbili zinauaka.

Mazuku ni gazi ya karboni (CO2) yenye inatoka mu udongo, inakuwa nzito kuliko hewa, inakaa mu mashimo na fasi za chini, sana sana upande wa Lac Vert, Mugunga, Bulengo. Haina rangi. Unaona mbuzi amelala hapo, ndege amekufa, majani imenyauka. Asubuhi mapema iko mubaya zaidi, mbele jua na upepo viisambaze. Ukiona mutu ameanguka mu shimo ya mazuku usiruke ndani kumutosha, utaanguka juu yake, tumepoteza watu namna hiyo, mutu na mwenye kumuokoa pamoja. Ita watu, mutafute kamba, muvute kutoka juu.

Ya makala ni ingine, inaitwa CO, monoksidi ya karboni. Hii njo inadanganya watu, sababu inakuwa kali wakati makala imeiva nyekundu muzuri na moshi imeisha, mama anasema sasa haina shida, anaingiza mbabula mu chumba ili watoto wapate joto, anafunga mulango na dirisha. CO inashika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Inakamata nafasi ya oksijeni, mutu anasikia kichwa inauma, kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea, kisha usingizi. Kama nyumba muzima mumeamka na kichwa inauma, na ukitoka inje inapungua, usiseme ni malaria ya wote siku moja. Fungua kila kitu, tokeni inje, na mwenye amelegea apelekwe fasi kuko oksijeni.

Usilale na mbabula ndani. Hata usiku moja. Hata kama mvua imenyesha na mutoto anatetemeka.

Sasa tupike na nini? Sote hatuna pesa ya gazi

Najua, na mimi mwenyewe bado napikaka na makala siku zingine. Kwa hiyo sitakuambia vitu vya kwenye televizyo.

Kwanza washia inje, ile dakika za kuwasha njo inatosha moshi mingi, na usiwashe na sashe, kauchu, ao kipande ya viatu, ile moshi ya plastiki iko na sumu ingine kabisa. Tumia makala yenye kukauka, makala ya maji inalia tu na kutosha moshi. Maharagi yaloweke usiku muzima, asubuhi unamwaga ile maji, yanaiva haraka, unapunguza saa ya kukaa mbele ya moto na unapunguza pesa ya makala pia. Funika sufuria. Kama unapikia ndani, mbabula ikae karibu ya mulango na upande ingine kukuwe fasi hewa inatokea, tundu tu juu ya ukuta chini ya mabati inasaidia, mu nyumba za mbao ni kazi ya fundi ya nusu saa.

Mwenye umeme ya kampuni ya Virunga (ile inatoka Matebe, ku mto Rutshuru, tangu mwaka 2015) afanye hesabu. Kuko wamama mu kartie yetu waliungana wakanunua sufuria ya umeme yenye kufunga, maharagi wanapikia humo, makala wanabakisha ya chakula ingine. Wananiambia mufuko ya makala sasa inafika mbali kuliko zamani. Na makala yenyewe mingi inatoka mu miti ya parki ya Virunga, ile nayo inaniuma, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.

Napika na mutoto ku mugongo, kuko shida?

Kuko shida, mama. Mutoto anapumua mbio kuliko wewe, mapafu yake bado inajengeka, na ku mugongo kichwa yake iko pale pale moshi inapandia. OMS inasema moshi ya ndani inakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya mutoto mudogo kupata nimonia. Mupe dada yake amushike inje, ao umulaze fasi mbali na moto. Na kama uko mimba ni vile vile, moshi inafanya mutoto azaliwe na kilo kidogo.

Jifunze kuhesabu pumzi, haiombe mashini. Mutoto akiwa ametulia, halie, hanyonye, fungua nguo uangalie tumbo na kifua, hesabu dakika moja kamili na simu. Chini ya miezi miwili: pumzi 60 ao zaidi ni mbio sana. Miezi miwili mpaka mwaka haijatimia: 50 ao zaidi. Mwaka moja mpaka mitano: 40 ao zaidi. Ukipata hiyo hesabu, ku santre ya afya siku ile ile. Na kama chini ya mbavu inaingia ndani akivuta hewa, ao hawezi nyonya, ao midomo inageuka ya bluu, ao analegea hata haamuke muzuri, hapo si santre tena, ni hopitali na moto (pikipiki) ya kwanza yenye utaona.

Dokta ameandikia mutoto yangu pompu ya asima. Majirani wanasema ataizoea, hataweza kuiacha. Ni kweli?

Si kweli, na hii uongo imeua watoto.

Nitasimulia yangu. Mutoto yangu wa pili alianza kukohoa usiku akiwa na miaka mitatu. Miaka miwili muzima, fasi moja yenye tulikuwa tunaenda, sitaitaja, wakatupa antibiotike na siro, antibiotike na siro, kila mara "ni baridi mama, mufunike". Usiku kifua yake ilikuwa inalia kama filimbi. Siku moja ya kiangazi tulitoka Ndosho ku moto, makamio ililala mbele yetu barabara muzima, vumbi na moshi nyeusi, tukifika nyumbani mutoto hawezi kumaliza maneno mbili bila kuvuta hewa. Ku hopitali wakamupa oksijeni na salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, kisha dokta moja kijana akakaa chini, akaniuliza maswali nusu saa, akaniambia ni asima. Nililia, nilifikiri ni hukumu. Akaniambia mama, asima yenye kujulikana haiogopeshe, yenye kuogopesha ni ile yenye haina jina.

Pompu ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuko ya kufungua haraka, salbutamoli, mara mingi ya bluu, unatumia kifua ikibana. Kuko ya kuzuia, iko na dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, mara mingi ya kahawia, hiyo ni kila siku hata kama mutoto anaruka vizuri, na usiiache bila dokta kukuambia. Kama mutoto anamaliza ya bluu mbio mbio, maana yake asima haijatulia, rudi kwa dokta. Vidonge na siro ya salbutamoli vinatetemesha mutoto mikono na kukimbiza moyo, kuliko pompu yenye inapeleka dawa kidogo pale pale inaombwa.

Mutoto mudogo hawezi kuvuta pompu moja kwa moja, dawa inabaki ku ulimi. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500, osha, kausha, toboa matako ya chupa kwa kipimo ya mudomo wa pompu iingie bila kuacha nafasi, mutoto anaweka mudomo wake ku shingo ya chupa. Piga moja, apumue polepole mara tano sita, kisha ya pili. Wadokta wa Afrika ya Kusini walijaribu hiyo chupa mbele ya ile ya kununua na wakaona inafanya kazi. Yangu nilitoboa na waya ya moto, dokta akaiangalia akasema iko sawa.

Na kwa wale wanasema hewa haiwezi kuua mutoto wa asima. London, Uingereza, kulikuwa mutoto anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa anakaa karibu ya barabara kubwa yenye magari mingi, akapelekwa hopitali mara na mara juu ya asima, akakufa mwezi wa pili 2013, miaka 9. Mama yake hakunyamaza. Desemba 2020 mwenye kuchunguza vifo akaandika kwamba hewa chafu ilikuwa moja ya sababu za kifo, mara ya kwanza mu ile inchi. Mama yule alisema angejua, angehama. Mimi nikiongeaka na wamama wa Majengo namufikiria yeye.

Kunywa maziwa inasafisha mapafu?

Hapana. Maziwa inaenda tumboni, moshi iko mu mapafu, ni njia mbili tofauti. Kunywa juu ni chakula muzuri, lakini usiseme nimekunywa maziwa sasa naweza kukaa mu vumbi.

Mimi ni motari. Maski inasaidia?

Kaka, inategemea maski gani. Kitambaa na ile ya bluu ya hopitali vinapunguza vumbi kubwa, ni heri kuliko uso mutupu, lakini zile chembe ndogo zinapita pembeni. Yenye kuzuia ni FFP2 ao N95, na iwe imebana uso, ndevu nyingi zinaacha hewa ipite. Gazi haizuie hata hiyo.

Kitu ingine yenye haiombe pesa: usilale nyuma ya kamio. Muache apite ao mupite, usikae pale mu moshi yake toka Terminus mpaka Mutinga. Ukingojea klia (muteja) ku rompwe (muzunguko) Signers ao Instigo zima moto, na simama upande upepo inatokea. Na ukiacha sigara unapunguza zaidi kuliko maski yoyote, sigara na moshi ya barabara haviombane ruhusa, vinaongezana.

Nitajua aje kama kikohozi yangu ni ya moshi ao ni TB (kifua kikuu)?

Hutajua kwa kusikiliza, na mimi pia siwezi kujua. Kikohozi ikipita wiki mbili, nenda upime makohozi. Usingoje ukohoe damu, usingoje kukonda. Dawa ya TB ni ya bure. Mwenye kukaa mu moshi miaka mingi eko na hatari zaidi ya TB, kwa hiyo usijiambie "ni makala tu" ukabaki nyumbani.

Kwa wamama wazee wenye kupika na kuni tangu utoto, wenye kupanda kilima kidogo na kusimama mara tatu: hiyo pia si uzee tu. Mapafu inaweza kuwa imeharibika kama ya mutu wa sigara, hata kama hajavutaka hata moja. Kuko dawa za kumusaidia, mupelekeni.

Jirani anachoma takataka kila magaribi. Nifanye nini?

Usianze na kelele. Mimi naendaka na mutoto yangu, namuonyesha ile pompu, nasema papa, huyu njo moshi inamukamata usiku. Watu wengi hawakujuaka. Wengine wanakubali kutenga plastiki, maganda ya ndizi na mihogo yanaenda mu shimo. Kwa wenye hawakubali, kwenda na shefu wa avenue inasaidia kuliko kwenda peke yako.

Nitajua aje kama leo hewa iko mubaya?

Mu simu kuko programu zenye kuonyesha rangi, kijani, njano, nyekundu, lakini fasi hakuna mashini ya kupima karibu zinakisia kutoka ku satelaiti, kwa hiyo usiziamini kama Injili. Angalia mwenyewe. Weka kitambaa cheupe cha maji ku dirisha asubuhi, magaribi ukiangalie. Wetu wa mwezi wa saba ulikuwa kama udongo. Wakati wa vumbi, mwagia maji mbele ya mulango mbele ya kufagia, na fagia watoto wakiwa mbali.

Mutoto mwenye asima anaweza kucheza mpira?

Anaweza na anapaswa, kukimbia inafanya mapafu kuwa na nguvu. Asichezee kando ya barabara saa kumi na moja wakati moto na makamio zote ziko inje. Muulize dokta kama apigwe pompu mbele ya kuanza, wengi wanapigwa mbili robo saa mbele. Wakimuona amesimama ameshika magoti, watu wajue pompu iko wapi, kocha pia ajue. Wa kwangu sasa ana miaka tisa, siku ya posho (jumamosi) asubuhi wanachezaka upande wa Himbi, karibu ya ziwa, upepo inatoka ku maji. Mimi nakaaka pembeni na mufuko yangu, ndani muko pompu ya bluu na ile chupa yenye nilitoboa.